Mtani Hakataliwi

14 Novemba 1949, Tabora
Treni ilichelewa. Mvua bado, anga ni jeupe kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Dada yangu Pelagia alinipokea stesheni, tukaenda hospitali moja kwa moja bila kupita nyumbani Ipuli.

Baba yangu, Dionis Lugembe, hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba alibeba pembe mpaka Bagamoyo kabla Wadachi hawajajenga boma hapa, wakati huo ndevu zake hazijaota. Nakadiria miaka sabini na mitano. Hana jeraha wala homa. Amepauka tu: ulimi, kucha, upande wa ndani wa kope. Akiketi husinzia, akiamka hujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Nilipomwamkia alinitazama kitambo, akauliza kama tumeshavuka Mgunda Mkali, yaani lile pori lisilo na maji kati ya kwetu na Ugogo.

"Bado, baba," Pelagia akamjibu. "Kesho."

"Basi jazeni vibuyu," akasema, akalala.

Nilimuuliza dada kwa nini amdanganye. Akasema, "Kaka, nikimwambia yuko hospitali ananiomba nimrudishe nyumbani. Nikimwambia yuko safarini anatulia."

15 Novemba
Nimezungumza na daktari. Jina lake Pelling, Mwingereza, mwembamba, Kiswahili chake ni cha kitabuni lakini hakikosei. Amekusanya wazee ambao damu yao imepungua bila sababu anayoiona: hawana safura, bandama zao hazijavimba, na vidonge vya chuma havikuwasaidia. Anasema damu haitengenezwi kwa chuma peke yake. Ameletewa kwa meli makopo ya unga uliotokana na maziwa yaliyovunjwavunjwa kiwandani mpaka vikabaki vitu anavyoviita amino asidi, yaani kile ambacho chakula hugeuka tumboni kabla hakijawa nyama au damu. Anafikiri tumbo la mzee haliwezi tena kazi hiyo. Nusu ya wagonjwa watapewa kikombe cha unga huo asubuhi na jioni. Nusu watapewa kikombe cha uji. Mvua zikiisha atalinganisha. Waligawanywa kwa kura, na baba akaangukia upande wa unga.

Nilimuuliza ana ushahidi gani kwamba unga unaponya.

"Sina," akasema. "Ndiyo sababu napima."

Katika miaka yangu yote ya gazeti nimepewa jibu kama hilo mara chache.

Kipimo cha damu ya baba ni thelathini na sita kwa mia ya damu inayotakiwa.

17 Novemba
Nimemweleza baba hivi: nyama ni mizigo iliyofungwa kwa kamba. Tumbo lako limechoka kufungua mafundo. Dawa hii ni mizigo iliyokwisha kufunguliwa. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Kisha akasema, "Mzigo uliofunguliwa huibiwa."

18 Novemba
Unga unanuka gundi ya seremala. Nimeuonja. Ni mchungu, na uchungu wake unabaki kooni mpaka chakula cha mchana.

20 Novemba
Tangu asubuhi mpaka jioni wagonjwa wote huketishwa kwenye veranda ndefu, wanaume kwa wanawake, na vikombe huletwa hapo. Leo nimemjua Bi Batuli. Ni Mzaramo, umri wake karibu na wa baba, aliletwa huku na mume aliyefanya kazi ya kutandaza reli. Anaumwa ugonjwa ule ule. Yuko upande wa uji.

"We mpagazi!" alimwita baba. "Umelala tena? Msafara umeondoka, umeachiwa mbwa!"

Baba akafumbua jicho moja. "Nani anabweka? Nasikia harufu ya nazi iliyooza."

"Nazi yetu ikioza bado inaishinda asali yenu. Lete ndizi hiyo, mtumwa wangu."

Akaichukua mkononi mwa baba na kuimenya. Baba hakuivuta. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ilipoanza kukanyaga njia ile, na mtani hakataliwi. Kisha Bi Batuli akanigeukia.

"Na hiki kitumwa chenye viatu?"

"Mwanangu Raymundi. Anaandika gazeti."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Loo, mwavuli huu unanifaa." Akauchukua.

Jioni mwanawe Mfaume, fundi cherehani wa Mtendeni, aliniletea mwavuli umefungwa kwa karatasi. Ni mtu mzima, mpole, amevaa kanzu safi. "Niwie radhi, bwana. Mama na mambo yake ya kizamani. Sisi wa siku hizi hatuna tena adabu mbovu kama hizo."

Nilimshukuru. Nilikubaliana naye kabisa.

27 Novemba
Mvua ya kwanza.

28 Novemba
Mvua. Kumbikumbi wamejaa uani. Pelagia amekaanga sinia zima. Nilimpelekea baba. Bi Batuli alikula wote.

6 Desemba
Mvua ikipiga bati la wodi huwezi kusikia mtu anayezungumza kitanda cha pili. Unaona midomo tu. Baba huzungumza zaidi wakati huo. Niliinama nikamsikia akitaja vituo: Kigwa, Rubuga, Tura. Anavitaja polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo, na kati ya kituo na kituo hunyamaza muda unaotosha kutembea. Leo ametoka Rubuga mpaka Tura bila kuinua kichwa kwenye mto.

9 Desemba
Ugogo. Msafara wa baba unalipa hongo, ule ushuru wa maji.

13 Desemba
Kipimo cha baba kimeshuka: thelathini na tatu. Daktari Pelling alisimama kando ya kitanda akitazama karatasi yake muda mrefu. Nesi Veneranda aliniambia kwamba upande wa uji kuna bibi mmoja anayepanda bila kupewa kitu. Nikauliza ni nani. "Yule mwizi wa veranda," akasema.

14 Desemba
Nimekaa na Bi Batuli ili nimfahamu. Sikumfahamu. Alinichukulia kalamu.

25 Desemba
Noeli. Padri alimpa baba komunyo kitandani. Baba akamwita Mnyapara, akamwomba wapumzike mchana kutwa kwa sababu miguu ya watu imevimba. Padri akasema wapumzike.

29 Desemba
Thelathini na moja. Bi Batuli hamsini.

Leo niliketi nyuma ya nguzo ya veranda nikisoma. Vikombe vililetwa. Veneranda alipogeuka nikamsikia baba, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, akisema kwa sauti kamili ya mtu mwenye afya:

"Hii ndiyo supu ya wanaume. Mzaramo hawezi hata kuinusa. Tumbo lake limezoea tui."

"Nani hawezi?"

"Wewe. Babu yako alizimia kwa maji ya dagaa."

"Lete!"

Akakipokonya kikombe, akameza chote mkono ukiwa puani, akasema "Astaghafirullahi" mara kadhaa, kisha akamsukumia baba kikombe chake cha uji. Baba aliunywa taratibu, ameridhika, akarudi kulala.

Nimeliona jambo hilo likitendeka mbele yangu tangu Novemba. Niliona ndizi, kumbikumbi, blanketi na kalamu vikichukuliwa. Kikombe nilikiona pia, lakini nilikihesabu pamoja na vile vingine.

30 Desemba
Nilimngoja aamke vizuri. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuning'inia.

"Baba, dawa yako anakunywa Bi Batuli."

"Ananinyang'anya."

"Unamchokoza ili akunyang'anye."

Alitazama mvua kwa muda mrefu hadi nikadhani amerudi Ugogo. Kisha akasema:

"Umekaa sana Dasalama wewe. Sikiliza. Safari yangu ya pili tumbo lilinishika tukiwa Uzaramo, bahari karibu tunaisikia. Mnyapara akanipokonya mzigo, akaniacha njiani. Wakaja Wazaramo. Wakanichukulia nguo, kisu, hata shanga. Nikasema haya, leo ndiyo leo. Mmoja akaniuliza, 'Kabila gani wewe?' Nikasema Mnyamwezi. Wakacheka mpaka wakakaa chini. 'Loo, kumbe mtumwa wetu!' Wakaninywesha uji kama mtoto, huku wananitukana mimi na mama yangu. Nguo hawakurudisha. Bagamoyo nilifika nimejifunika majani. Lakini nilifika."

"Kwa hiyo unamlipa?"

"Utani haulipwi. Nakwambia ujue ni watu wa namna gani." Akapumua. "Sasa. Mkinizika pale Ipuli, nani atakaa njiani azuie jeneza? Nani atasema nilikuwa mchoyo, nilikoroma, miguu ilininuka? Padri atasema nilikuwa mtu mwema. Mtu akizikwa kwa maneno mema matupu, hata waliomjua hawatajua ni nani amekufa. Watani wanaojua kazi yao wamekwisha Tabora. Amebaki kikongwe huyu. Akitangulia yeye, nitafukiwa kimya kama punda wa msafara. Mimi naondoka. Yeye abaki anizike."

"Ukinywa dawa huenda usiondoke."

"Daktari amekuapia?"

"Hapana."

"Basi niache."

31 Desemba
Mvua.

2 Januari 1950
Maulidi. Bi Batuli aliomba ruhusa akaenda kwao Mtendeni, akarudi akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na bakuli la kaimati kwa ajili ya wodi nzima. Baba akalinyang'anya bakuli lote. Wakala wawili, wakiwatupia wengine maneno ya kashfa. Nesi Veneranda alicheka mpaka akatoka nje.

Nimemtazama baba akicheka. Fizi zake ni nyeupe.

4 Januari
Nimemwambia daktari.

Niliwaza siku kadhaa. Kwa upande mmoja, baba aliniomba nimwache. Kwa upande mwingine, anakufa, na kazi yangu tangu ujana ni kusema kilichotokea kama kilivyotokea. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Daktari Pelling alivua miwani. "Kwa nini hakukataa?"

"Mtani hakataliwi."

"Hata dawa?"

"Hasa kitu unachokihitaji. Ukimnyima mtani wako uhai, hapo hasa ndipo unapoaibika."

Alicheka kidogo, akaacha. Kisha nikaona kitu kikimpambazukia usoni: yule ambaye hakupewa ndiye aliyepewa, na ndiye aliyepanda. Alifurahi kwa muda mfupi, na simlaumu. Nikamwomba amwingize Bi Batuli upande wa unga. Akanionyesha makopo kabatini. Yanawatosha waliopigiwa kura, basi; meli nyingine hajaahidiwa. Tena damu ya Bi Batuli, alisema, sasa inatosha kwenda nayo nyumbani na vidonge vya chuma.

Niliondoka nikidhani nimewaletea wote wawili habari njema.

6 Januari
Wanaume wanapewa vikombe ndani, mlango umefungwa. Veneranda husimama hapo mpaka kikombe kikauke. "Kunywa, mzee. Bado kidogo. Na hiyo."

Bi Batuli ameruhusiwa. Alipita dirishani na furushi la nguo kichwani.

"Mpagazi! Mwanao amekufungia ndani kama kuku wa kutaga!"

"Nenda zako ukakune nazi," baba akasema. Alipokwisha pita, baba aliniambia, bila kunitazama, "Umelisoma gazeti lako sikioni mwa Mzungu."

11 Januari
Baba hasemi nami.

16 Januari
Hasemi. Thelathini na tisa.

23 Januari
Nilikwenda Mtendeni na nusu ratili ya maini ya ng'ombe. Mfaume alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona kanzu. Alinikaribisha kwa heshima nyingi mno. Ndani, nilimpa Bi Batuli furushi.

"Nini hiki?"

"Maini, bibi. Yanaongeza damu. Nimekuletea."

"Mtani hapewi," akasema, akalirudisha mapajani mwangu. "Mtani hunyang'anya. Mie si maskini."

Nilirudi nayo Ipuli. Pelagia aliyapika, tukala.

25 Januari
Nilikwenda tena. Safari hii niliketi barazani, furushi limefichwa nusu chini ya koti, nikasema kwa sauti, bila kumtazama yeyote, kwamba haya ni maini ya bwana mkubwa mmoja wa Ipuli, wala hayafai kuonwa na Wazaramo kwa sababu hawajui kupika kitu kisichoelea kwenye tui. Niliona haya. Mfaume alisimamisha cherehani.

Ndani ikasikika sauti: "Nani huyo anayejikojolea barazani kwangu?"

Akatoka, akachukua maini, na kofia yangu pia.

8 Februari
Sasa naenda kila siku ya pili au ya tatu. Nimenyang'anywa mayai, maziwa, sato mkavu wa Mwanza, karanga. Najifunza kutukana kwa kipimo. Bi Batuli hunisahihisha: tusi zuri, anasema, linamgusa mtu mahali anapojipenda, wala halimwachi bila jibu.

Alasiri hizi zina mwendo wake. Mvua huanza, Mfaume hushona, mlio wa cherehani na wa mvua huchanganyika mpaka husikii tena kipi ni kipi. Bi Batuli husimulia Uzaramo: mihogo, mito yenye viboko, arusi zilizomaliza shamba zima kwa ngoma moja. Leo nilisinzia mkekani. Nilipofumbua macho sikujua kama mvua ilikuwa ile ile au nyingine, wala kama hadithi ilikuwa ile ile. Alikuwa bado anasema, kwa sauti ndogo. Nilitazama kucha zake. Zilikuwa nyeupe kuliko juzi.

13 Februari
Baba: arobaini na nane. Leo ameniuliza bei ya mchele. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu mwezi jana. Nikamjibu. Akasema ni wizi.

Hatembei tena msafarani, usiku wala mchana. Nilimtajia Tura akasema, "Tura ni mbali." Msafara umekwisha, naye amefika Tabora kama ilivyofika treni yangu, amechelewa na amechoka. Ni jambo jema. Hata hivyo, mvua ikipiga bati bado naegemea kitandani kusikiliza kituo kinachofuata.

22 Februari
Jumatano ya Majivu. Baba alikwenda kanisani kwa miguu, mimi mkono mmoja, Pelagia mkono wa pili.

28 Februari
Amerudi Ipuli. Hamsini na tisa. Daktari ameniambia kwamba wengi wa upande wa unga wamepanda, na wachache wa uji. Nilimuuliza kama naweza kuandika kwamba unga umeponya. Alisema niandike kwamba wazee wachache, katika mji mmoja, mvua moja, walipanda. Nimeandika hivyo. Mhariri hatafurahi.

5 Machi
Bi Batuli hakutoka barazani kuninyang'anya. Nilitukana peke yangu. Mwishowe Mfaume akasema kwa upole, "Amelala, bwana. Analala sana siku hizi. Huongea na watu wa kwao."

Nilimwachia furushi. Alipokea kwa mikono miwili.

7 Machi
Nilimwambia baba. Alivaa, akachukua fimbo, tukaenda Mtendeni tukipumzika njiani. Hakuingia chumbani, aliketi nje chini ya dirisha, kwenye kigoda.

"Mzaramo! Nimekuja kuchukua mbuzi wako."

Kisha ndani, mbali: "Sina mbuzi. Unaye wewe nyumbani, umemwoa."

"Nimefiwa."

"Alitoroka. Alisema afadhali kaburi kuliko miguu yako."

Baba alicheka, akapiga ukuta kwa kiganja. Walisemezana hivyo mpaka mvua ikatufukuza. Nusu ya maneno ya Bi Batuli hayakunifikia. Baba aliyajibu yote.

10 Machi
Nilikwenda kwa Daktari Pelling nikaomba kopo. Hakuniuliza kwa ajili ya nani. Mzee mmoja wa upande wa unga amefariki, kopo lake limebaki nusu. Akanipa. Alisema, "Usitarajie mengi. Siku nyingi zimepita." Nilisema sitarajii.

11 Machi
Niliukoroga mimi. Chumba kilijaa harufu ya gundi. Bi Batuli alifumbua macho.

"Ya nani?"

"Yako, bibi. Daktari ameitoa kwa ajili yako."

"Basi siitaki."

Baba alikuwa nyuma yangu. Safari hii alikuwa ameingia. "Lete hapa," akaniambia. "Wewe hujui kuibiwa." Akaketi ukingoni mwa kitanda na kikombe mkononi.

"Hii ni supu ya wanaume," akasema. "Nimeificha kwa shida. Nainywa hapa hapa ili roho ikuume."

Mkono wa Bi Batuli ulitoka chini ya khanga. Uliinuka kidogo, ukashindwa njiani. Baba alikuwa akiangalia pembeni kama mtu asiye na habari. Akakisogeza kikombe. Mkono bado ulikuwa mbali. Akakisogeza tena, mpaka vidole vikagusa ukingo wake, kisha akapiga kelele: "Mwizi! Jamani, naibiwa na Mzaramo mchana kweupe!"

Alikunywa funda moja. Jingine lilishuka kidevuni, na baba akalipangusa kwa kona ya shati lake, huku anaita mashahidi.

Mfaume alikuwa mlangoni. Hakuomba radhi.

13 Machi
Mvua.

14 Machi
Mvua. Mafunda mawili.

16 Machi
Bi Batuli amefariki alfajiri. Amezikwa adhuhuri.

Siwezi kuandika kwamba amekufa kwa kukosa unga. Daktari mwenyewe hajui. Alikuwa mzee, na kopo lile halikuwa lake kwa kura. Siwezi pia kuandika kwamba sikuhusika. Naandika tu kwamba mwezi wa Januari alitembea kutoka Mtendeni mpaka hospitali na bakuli la kaimati mkononi, na kwamba nilikwenda kwa daktari siku mbili baadaye.

Sasa maziko. Mvua ilikatika saa sita. Jeneza lilitoka, wanaume wamelibeba haraka, kwa kupokezana, kwa dua. Mimi nilifuata nyuma. Tulipokata kona kuelekea makaburini, tulimkuta baba amelala katikati ya njia, chali, kwenye tope, amevaa shati lake la kanisani. Fimbo imelala kifuani.

Waliotangulia wakasimama. Kijana mmoja akauliza huyu mlevi ni nani. Mzee mwingine akamwambia, "Nyamaza wewe. Ni mtani."

"Halipiti!" baba akasema, akitazama juu. "Mnaniibia mchana kweupe. Damu iliyomo humo ni yangu! Kaninyang'anya kikombe kwa kikombe, mvua nzima, mpaka nikawa mweupe kama Mzungu. Mnakwenda kuizika wapi damu ya watu?"

Vicheko vikaanza nyuma, vikaja mbele. Waliobeba jeneza mabega yaliwatikisika.

"Alikuwa mwizi!" baba akaendelea. "Alikuwa mlafi, alikoroma, aliimba vibaya! Hata kumbikumbi hakumbakiza mmoja! Nani anabisha?"

"Hakuna!" wakajibu.

Mfaume akasogea mbele. Uso wake ulikuwa umelowa. Akainama. "Mzee, utupishe. Tukulipe nini?"

Nilidhani baba ataomba mbuzi, kama ilivyo kawaida.

"Nirudishieni mwenyewe," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mfaume alisimama pale, hajui la kufanya; hakuwahi kufundishwa. Kisha akavua kofia yake, ile ya viua aliyoshonewa na mama yake, akaiweka kifuani mwa baba juu ya fimbo. Baba akaishika, akaigeuza, akaikagua ndani na nje.

"Kushona hakujua pia," akasema, akanyoosha mkono ili tumwinue.

Jeneza likapita.

19 Machi
Baba hali chakula. Haumwi. Anaketi uani akitazama njia. Nilimuuliza anawaza nini.

"Nawaza padri atakavyonisifu," akasema.

27 Machi
Sitini na mbili. Nimekata tiketi ya treni ya wiki ijayo. Mvua zinapungua, mahindi yamefunga ndevu.

2 Aprili
Mchana baba alikuwa uani na sahani ya wali na kuku mapajani, anakula bila hamu. Mfaume aliingia. Kanzu safi, kofia mpya. Akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Pelagia, lete kiti."

Mfaume hakuketi. Aliangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuvuka reli, kisha akainama, akachukua sahani yote kwenye mapaja ya baba, akageuka, akaondoka nayo. Hakukimbia, alitembea upesi upesi, kanzu ameishika kwa mkono mmoja.

Baba alibaki mikono wazi. Akaangalia mapaja yake matupu.

"Mwizi!" akapiga kelele. Akainuka bila fimbo. "We Mzaramo! Mla nazi! Rudisha kuku wangu!"

Akamkimbiza mpaka nje ya uzio, mpaka barabarani. Huko nikamsikia Mfaume, kwa sauti iliyotetemeka, akimjibu kwamba kuku gani, huyu ni njiwa, na kwamba miguu ya mpagazi inanuka mpaka Mtendeni.

Baba alirudi akihema, akajishikilia nguzo ya mlango. Pelagia akasema ampakulie sahani nyingine.

"Subiri," akasema. Alikuwa bado anatazama barabarani. "Umemwona? Mkono bado mzito, na tusi ni la mama yake. Lakini ana moyo. Atafaa."

Kisha akaomba chakula.